TAHADHARI: Tapeli wa taa za kaskazini Tromsø, Norwei, picha anazotuma ni za kubandika

Wakuu, nimeingizwa mjini, tena mji wenyewe uko zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Duara la Aktiki.

Mimi naishi Hamburg. Februari mdogo wangu alikuja kutembea kutoka Tanga, nikasema twende Norwei tukapige picha za zile taa za kijani angani. Nikampata jamaa Facebook. Picha kali, kroner 1,950 kwa kichwa, na ahadi kibao: basi dogo, suti za baridi, supu ya moto, mpiga picha mzoefu, na "taa utaziona asilimia 100". Akawa anatuharakisha: leo Kp ni 5, zimebaki nafasi mbili. Nikatuma 3,900 kwa benki.

Hapo ndipo ningeshtuka. Kp hupima msukosuko wa sumaku ya dunia, 0 hadi 9, na Tromsø iko ndani ya ukanda wa taa zenyewe, hata Kp 2 inatosha. Kinachoamua ni mawingu. Taa zinawaka kilomita 100 na zaidi juu, wingu likitanda hata Kp 9 haikusaidii kitu. Waongozaji wa kweli wanashinda kwenye ramani ya mawingu. Mji ukifunikwa wanaendesha hadi Skibotn, kijiji cha ndani zaidi, au wanavuka mpaka kuingia Ufini.

Wetu alikuja na gari dogo la nyumbani. Tukabanana. Dakika 20 tu, akaegesha kando ya barabara, theluji inadondoka. Suti hakuna, supu hakuna. Akatupiga picha kwa flashi, saa 4 usiku tukarudishwa. Mdogo wangu, vidole vimekufa ganzi, ananiuliza, "Kaka, ndizo hizi?" Anaonyesha taa za barabarani.

Kesho yake picha zikaja. Juu ya vichwa vyetu anga safi, nyota tele, na mkunjo wa kijani kama ndoana. Nikaikuza: kofia yangu ina theluji, na chembe nyingine zinaelea mbele ya uso. Imetoka wapi, kwenye anga lisilo na wingu? Mama mmoja wa Kihispania tuliyekuwa naye akanionyesha yake: ndoana ileile! Kuitafuta mtandaoni, kumbe ni kazi ya mpiga picha mwingine kabisa, ya miaka ya nyuma.

Usiku uliofuata anga likafunguka. Tukaenda ufukweni Telegrafbukta, bure, kamera kwenye stendi, ISO 1600 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/2.8 (tundu la lenzi limefunguka sana), sekunde 8 kwa kila picha, fokasi kwa mkono kwenye nyota, betri ya akiba mfuko wa ndani maana baridi inazimaliza upesi. Tukazipata.

Ukitaka kulipia safari, omba namba ya usajili wa kampuni, tarakimu tisa, uihakiki bure kwenye rejista ya Brønnøysund, ile ya makampuni ya Norwei. Uliza pia kibali cha kubeba abiria. Mimi nilipouliza, nimeshapigwa tayari, akaniblock. Na lipa kwa kadi. Benki yangu inasema pesa nilituma kwa hiari yangu, basi.

Jamaa anabadilisha jina la ukurasa, ila ndoana anaitumia hadi leo. Risiti na mazungumzo ninavyo. Aliyepigwa naye aniandikie, tupeleke malalamiko polisi kwa pamoja.