Tovuti ya klabu yetu ya anga: nilitaka kumpa fundi nyota moja

Fundi simtaji jina, akisoma atajijua. Tulimpa kazi ya kutengeneza tovuti ya klabu ya anga ya shuleni kwetu hapa Mbeya, kwa hela za michango ya wazazi, na sharti lilikuwa moja: mtoto asisome tu, abonyeze, azungushe, acheze.

Siku anakabidhi nilimsifia mpaka nikaona aibu. Kuna mpira wa dunia unauzungusha kwa kidole, na juu yake kinatembea kitone cheupe: Kituo cha Anga cha Kimataifa, kile kinachoizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kilomita kama 400 juu yetu. Ukigusa Mbeya, unaambiwa kitapita saa ngapi. Watoto waligombania simu yangu.

Sasa hiyo saa ngapi. Kipindi kile cha baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, tovuti ikaandika 02:40. Saa nane na dakika arobaini usiku. Nikamwomba matroni ruhusa, nikaamsha watoto kumi na tisa wa bweni, tukajipanga uwanjani na mablanketi kama abiria walioachwa na basi. Saa tisa, hola. Saa tisa na nusu, hola. Mmoja akauliza, "Mwalimu, au kimeharibika?" Tukarudi kulala.

Asubuhi mlinzi ananiambia, "Mwalimu, saa kumi na moja na dakika arobaini kuna nyota imepita inakimbia, wala haikonyezi kama ndege." Nilitamani kulia.

Kumbe fundi kaweka saa za Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Nikampigia. Hata salamu hakuimaliza: "Mwalimu, watu wa anga wote wanatumia saa hizo. Mwalimu wa fizikia unashindwaje kujumlisha tatu?" Na simu ilikuwa spika, matroni yuko pembeni, kainamisha uso anacheka.

Kuanzia hapo kila kitu kikaniudhi. Nilimwambia ukurasa wa kwanza uwe na Kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, liko jirani tu hapo, mtoto anaweza kwenda kuligusa. Yeye kaweka roketi ya Marekani. Tena ni video, inajicheza yenyewe hujaiomba, inamaliza bando la mzazi. Mwezi mchanga nao kauchora umesimama kama mundu. Huo wa Ulaya. Wa kwetu mara nyingi hulala kama mtumbwi, mtoto yeyote wa Uyole anajua.

Nyota moja nilishaiandika. Ila kuna jambo linanisuta. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha kwamba kituo kile tunakiona kwa sababu kinaakisi mwanga wa jua, ndiyo maana kinatafutwa jua likishazama kidogo au likikaribia kuchomoza. Saa nane usiku kimezama kwenye kivuli cha dunia. Ningeshtuka. Lakini kile kitone kilikuwa kinatembea vizuri, nikakiamini.

Baada ya siku chache saa zikarekebishwa kimyakimya, bila ujumbe wala samahani. Mwezi umelazwa. Juzi tukaamka alfajiri, kikapita kweli, dakika nne hivi, watoto wanakipungia mikono na mlinzi naye anapunga.

Haya, nyota tatu. Zingekuwa nne kama angeniomba radhi, simu ikiwa spika vilevile.