Uchambuzi: The Children of Green Knowe, mizimu ya kumsomea mtoto wa bweni

Haya watazamaji, karibuni. Leo mkononi nina The Children of Green Knowe, kitabu cha Mwingereza Lucy M. Boston. Kilitoka mwaka 1954, mama huyo akiwa ameshapita miaka 60. Nakala yangu ni ya mtumba, nimeipata kwa wauza vitabu wa barabarani hapa Kampala. Jalada limechoka, ila kurasa zimo zote, na michoro ya Peter, mtoto wa mwandishi, ni hii hapa. Nasogeza kwenye kamera. Mmeona?

Tolly ana miaka 7 na anasoma bweni. Mama yake amefariki, baba yuko Burma na mke mwingine. Shule ikifunga, wenzake wanaenda kwao, yeye anabaki. Wazazi wa Uganda, hapo sina haja ya kueleza. Krismasi hii anaitwa na bibi asiyemjua, maana Tolly ni kitukuu wake. Anafika usiku, mafuriko yamezunguka nyumba, anapokelewa kwa mtumbwi na taa. Mtoto wa Bwaise, mtaa wetu wa mafuriko hapa Kampala, hatashangaa sana.

Nyumba yenyewe ipo kweli, kijiji cha Hemingford Grey, Uingereza. Ilijengwa karne ya 12, na Boston aliinunua mwaka 1939 akaishi humo. Ndiyo maana kila ngazi na kila dirisha unaliamini.

Sasa mizimu. Ni watoto watatu, Toby, Alexander na Linnet, waliokufa kwa tauni ya mwaka 1665. Hawatokei na shuka nyeupe. Kwanza ni kicheko, halafu nyayo. Tolly anaweka kipande cha sukari kwenye zizi la Feste, farasi wa Toby aliyekufa zamani, na baadaye sukari haipo. Basi. Hakuna maelezo, na hapo ndipo nywele zinakusimama.

Lakini kilichonishika ni bibi. Tolly akisikia sauti, bibi hashangai, kwa sababu naye huzisikia. Wale ni watu wa nyumbani, wana haki ya kuwepo. Jaja, yaani bibi, yeyote wa kwetu angemwelewa mara moja. Mtoto mpweke amepata ukoo, hata kama nusu yake wamekufa! Cha kuogopwa kiko nje, bustanini: mti uliokatwakatwa kwa umbo la Nuhu, nao umelaaniwa. Sura hiyo msisome umeme ukiwa umekatika. Au someni, mtajijua wenyewe.

Kasoro zipo. Mwanzo unakwenda polepole, na Kiingereza chake ni cha zamani. Mtoto wa P4, darasa la nne, akiachwa peke yake atakitupa. Halafu Wajipsi, watu wa kuhamahama wa Ulaya, wamechorwa vibaya, wezi na walaani. Msipite hapo kimya, mwambieni mtoto kwamba si haki.

Mimi namsomea binti wa dada yangu kwa sauti, nikigeuza Kiswahili papo hapo, vipande vifupi kabla ya kulala. Tulipokwenda Jinja akaanza kuzikagua zile nyumba kuukuu za Wahindi, akiuliza nani aliishi humu kabla Wahindi hawajafukuzwa Uganda mwaka 1972.

Kwa umri wa miaka 8 hadi 11, mtu mzima akiwa pembeni, nakipa nyota nne. Mkikiona kwa mtumba chini ya shilingi elfu ishirini, chukueni, ila hakikisheni kwanza kurasa za mwisho hazijang'oka.