Programu ya kununua Bitcoin kidogo kidogo: nyota nne

Mwaka 2021 niliingiza pesa zote kwa mkupuo kwenye Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni. Ilikuwa Novemba, bei ya Bitcoin moja inakaribia dola 69,000, na soko zima la Kongowea, Mombasa, hadi wauza mitumba wenzangu, tulikuwa na habari moja tu. Mwaka uliofuata niliuza ikiwa chini ya dola 17,000. Ile ilikuwa karo ya mwanangu.

Ndiyo maana naipenda programu hii. Kila Jumatatu natuma shilingi 500 kwa M-Pesa, inanunua kwa bei ya siku hiyo, iwe juu iwe chini. Aprili 2025 bei iliposhuka hadi karibu dola 75,000, sikuuza. Mia tano haimnyimi mtu usingizi. Julai ikapita 120,000, na hapo ndipo nilipotetemeka zaidi, nikitamani kuongeza elfu ishirini. Kupanda kunanishinda kuliko kushuka.

Kinachoniudhi ni arifa. Saa nane usiku simu inalia, maandishi ya kijani: “Usiachwe nyuma!” Wanajua kabisa wanagusa wapi. Nimezizima zote, na ilinichukua kurasa nne za mipangilio kuzipata. Nyota ya tano nitaitoa wakiziondoa.