Uzoefu wangu na mtambo wa kumfuatilia mpiga mbizi: spika kwanza, skrini baadaye

Mtambo ninaouzungumzia ni ule wa kumfuatilia mpiga mbizi kutoka juu, dakika kwa dakika, akiwa kazini chini ya maji. Niliutumia miaka mingi nikiwa msimamizi wa wapiga mbizi wa jeshi la majini hapa Mombasa, na tangu nistaafu naendelea nao kwenye kazi za kukagua matumbo ya meli. Kwa macho ni sanduku tu: vali za hewa, geji za kina, spika na skrini ndogo. Linaungana na mpiga mbizi kwa mpira wa hewa, mpira mwembamba wa kupimia kina, waya wa simu na kamba ya kubeba uzito, vyote vimefungwa pamoja.

Geji ya kina haihitaji betri. Ule mpira mwembamba uko wazi upande wa mpiga mbizi, usawa wa kifua. Nafungua vali, napuliza hewa mpaka mapovu yatoke huko chini, nafunga. Maji yanaisukuma hewa iliyobaki ndani na mshale unasimama kwenye kina alipo. Akishuka zaidi, napuliza tena. Ni kazi ya sekunde chache, ila kila kitu kinaanzia hapo, kwa sababu jedwali la kupandia linasomwa kwa kina na muda. Kwa majedwali ya Jeshi la Majini la Marekani, anayevuta hewa ya kawaida mita 30 chini ana dakika 25. Akizidisha, lazima asimame njiani wakati wa kupanda ili naitrojeni itoke mwilini taratibu. Ukikosea kina, mtu anapanda na mapovu kwenye viungo au kwenye uti wa mgongo, na anaweza asitembee tena.

Walioulizana mwaka 2019 kwa nini gari lililotumbukia kutoka feri ya Likoni, hapa Mombasa, lilichukua karibu wiki mbili kuopolewa, wajue lilipatikana mita 58 chini. Wamarekani wanaweka futi 190, yaani kina hichohicho, kuwa mwisho wa kawaida kwa mpiga mbizi anayepelekewa hewa kutoka juu. Huko naitrojeni inalevya kama pombe.

Lakini nikiambiwa nichague kifaa kimoja tu kwenye sanduku lile, nachukua spika. Iko wazi muda wote, na kinachonisaidia zaidi ni pumzi kuliko maneno. Mpiga mbizi aliyetulia unamsikia: hewa inaingia kwenye helmeti, mapovu yanatoka, kimya kidogo, kisha tena. Kijana wangu mmoja alikuwa anakata kamba ya nailoni iliyojisokota kwenye rafadha ya meli. Kina kilekile, presha ya hewa nzuri, muda wake haujafika hata nusu. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika. Ila kile kimya cha katikati kikapotea, pumzi zikawa fupi, moja juu ya nyingine. Nikamwambia, "Simama hapo. Acha kisu. Pitisha hewa." Akafungua vali ya pembeni ya helmeti, hewa ikavuma kwenye spika mpaka kabonidayoksaidi iliyojikusanya humo ikatoka. Alipoifunga, pumzi ilikuwa ndefu tena. "Niko sawa, afande. Kichwa kilishaanza kuuma." Alikuwa amedhani ni uchovu wa mikono tu.

Kasoro zipo. Skrini haisomeki jua la saa sita, lazima uitengenezee kivuli cha turubai. Plagi za waya wa simu hazipendi chumvi. Tusipozisuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kuzipaka grisi ya silikoni, sauti inaanza kukatika. Ndiyo maana sikubali mshika kamba asahau ishara za zamani: kuvuta mara moja ni kumuuliza kama yu mzima, mara nne ni panda, na nne zikirudiwa mara tatu kutoka chini ni nipandisheni sasa hivi.

Nimejaribu pia mtambo usio na waya. Redio haifiki mbali ndani ya maji ya bahari, kwa hiyo hutumia mawimbi ya sauti, ambayo majini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye maji matulivu unafanya kazi vizuri. Bandarini, penye kelele za injini za feri na matagi, zile meli ndogo za kuvuta meli kubwa, maneno yalifika nusunusu. Kwa kazi ya bandari nabaki na waya, na nawashauri polisi na vikosi vya uokoaji wafanye hivyo.

Kuna watu nawafikiria sana: vijana wanaozamia kambakoche na majongoo ya pwani, wanaovuta hewa ya kompresa bila yeyote juu kujua wako kina gani. Mtambo mzima ni ghali kwao. Lakini mpira mwembamba wa pili na geji moja vinaweza kufungwa kwenye kompresa hizohizo, na fundi wa mitungi ya kupigia mbizi anaifanya kazi hiyo. Wenye mashua, naomba muanzie hapo.