Kifaa cha kusomea alama ya maji kwenye stempu: dola 120 kwa kazi ya kisahani cheusi?

Kama unakusanya stempu za Kongo peke yake, usinunue. Muuzaji aliyeniuzia hakuniambia hivyo, na hapa Lubumbashi wengi tunaanza na stempu za nyumbani. Toleo la kwanza la 1886, lenye kichwa cha Leopold II, halina alama ya maji, yaani umbo lililofichwa ndani ya karatasi yenyewe. Zile za picha zilizoanza kutoka 1894, bandari ya Matadi kwa santimu 5, maporomoko ya Inkisi, uwindaji wa tembo kwa faranga 1, zilichapwa na Waterlow kule London, na karatasi yake ni tupu vilevile. Utaibana kwenye kifaa, utawasha taa, utaona nyuzi za karatasi, basi.

Ila sisi tuko karibu na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kwenye bahasha kuukuu za mji huu majirani hawakosekani: Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Tanganyika, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Huko mambo ni mengine. Chukua stempu ya Edward VII ya Afrika Mashariki na Uganda, nusu ana (sarafu ya wakati ule), ya kijani. Ya 1903 ina taji moja na herufi CA chini yake, yaani Crown Agents, mawakala wa Uingereza waliosimamia uchapaji wa stempu za makoloni. Ya 1904 ina mataji madogo na CA zilizotapakaa karatasi nzima. Mfalme ni yuleyule, ndevu zilezile. Au zile za George V zilizogongwa herufi G.E.A. (German East Africa) baada ya Waingereza kuiteka Tanganyika: zilizoanza 1917 zina CA za herufi wima, na za 1921 zina CA za mwandiko wa mkono. Kwa Wajerumani, heller 4 (sarafu yao ya huku) ya kijani yenye meli ya Kaizari, Hohenzollern, ilitoka 1905 bila alama, halafu ikarudi ikiwa na alama ya maumbo madogo kama almasi. Kwenye katalogi hizo ni stempu mbili, na bei ni mbili.

Kifaa chenyewe ni kisanduku cheusi kinachokaa kiganjani. Unalaza stempu kifudifudi, unashusha kioo kinene, unakaza skrubu, na balbu inamulika kutoka ubavuni. Kuna kigurudumu cha vioo vya rangi, nitakirudia. Kinatumia betri, na kwa mji ambao kurenti hukatika saa ya chakula hiyo ni sifa kubwa. Kinachotafutwa ni wembamba: karatasi ilipokuwa bado uji, waya uliofinyangwa umbo la taji uliikandamiza, na pale ulipopita karatasi ikabaki nyembamba. Kioo kikibana, mwanga unapita tofauti pale pembamba.

Nilikijaribu kwa G.E.A. ya senti 12. Ukikaza kidogo huoni kitu. Ukiongeza robo mzunguko, kivuli kinajikusanya kwenye kona, halafu mkia wa C unajitokeza, umelala kwa mapozi kama sahihi ya karani. Mpwa wangu alikuwa ameinama juu ya bega langu. "Tonton, njo ile, iko naonekana!" Kwa stempu iliyotumika na kuoshwa vizuri kazi inakwenda hivyo, safi kabisa. Kwa stempu yenye gundi yake, masika haya, hapana: gundi inavuta unyevu, inashika kioo, na ukifungua moyo unakudunda. Skrubu nayo haina kipimo. Mtu mwenye mkono mzito ataacha mkunjo.

Sasa weka kando kisanduku uchukue kisahani cheusi cha plastiki, ambacho hakifiki dola 5, na benzini safi ya kujazia viberiti vya chuma. Stempu kifudifudi, matone mawili. Karatasi inageuka kama kioo, na pale pembamba panakuwa peusi kuliko pengine. Taji linakaa wazi kwa sekunde chache, benzini inaruka, stempu inarudi kavu na gundi yake haijaguswa. Fungua dirisha, zima sigara na mshumaa. Na tafadhali, yale mafuta ya gari ya kwenye chupa za kando ya barabara usiyaguse, yanaacha doa la mafuta lisilotoka.

Kisahani kinafichua kingine ambacho kisanduku kilinificha. Nusu ana yangu moja niliuziwa kama nzima. Kisanduku kilionyesha taji, nikaridhika. Kwenye benzini, kona ya juu ilitoka na kibandiko cheusi chenye kingo zilizonyooka: mtu alikuwa ameongeza karatasi kwa nyuma na kuipaka gundi. Kwa mnunuzi wa stempu za zamani, habari hiyo ina thamani kuliko taji lenyewe.

Kisanduku kinashinda pawili tu. Stempu za njano na za machungwa hazisomeki vizuri kwenye benzini, na hapo kigurudumu kinalipa: weka kioo cha rangi ileile, picha ya mbele inafifia, alama inabaki. Pili ni stempu za kuanzia miaka ya 1930 zilizochapwa kwa fotogravu (bamba lenye vishimo vya wino), ambazo wino wake unaweza kuchafuka kwenye benzini.

Maelekezo hayamo. Karatasi iliyokuja nayo ina michoro minne na alama ya mshale, ya tatu imechapwa juu chini. Balbu ya akiba nayo hakuna, na duka lililoniuzia, si la hapa, limenyamaza tangu niulize itapatikana wapi. Kwa dola 60 ningekitetea. Kwa 120, mwenye Tanganyika nyingi za njano anaweza kuzungumza na mwenzake wachange wanunue kimoja, kisahani kila mtu awe na chake.