RPG za zamani: ukiwa Kigoma, anza kununua ipi?

Vijana wa hapa Mwanga waliokulia kwenye gemu za mpira wakiniuliza waanze na RPG gani ya zamani, yaani zile gemu za hadithi ndefu ambamo unaongoza wahusika na kuwaongezea nguvu, na mimi huwauliza: utachezea kwenye nini, na umeme kwenu ukoje? Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Tuliocheza enzi hizo tulizoea kuipima gemu kwa jambo ambalo mtu wa Dar halimsumbui sana: inakuruhusu kusevu wapi? Hadithi iwe tamu namna gani, umeme ukikatika kabla hujafika pa kusevu, jioni nzima imekwenda na maji. Orodha hii imepangwa kwanza kwa kigezo hicho, utamu baadaye.

Namba moja ni Chrono Trigger, na sioni wa kuishusha. Ilitoka 1995 kwenye Super Nintendo, kazi ya Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy na Yuji Horii wa Dragon Quest, na wahusika wamechorwa na Akira Toriyama, yule wa Dragon Ball. Usihangaike kutafuta kaseti yake ya asili, nunua ya simu. Unasevu kwenye ramani ya dunia au kwenye vituo vyake vya kusevu, na toka kituo hadi kituo si mbali. Mapigano yanaanza palepale ulipokuwa unatembea, huhamishiwi skrini nyingine.

Kilichoninasa mimi ni ile kesi. Mwanzoni uko kwenye sikukuu ya mji, mwaka 1000. Unagongana na binti, kidani chake kinadondoka. Pembeni kuna chakula cha mzee mmoja. Ukibonyeza tu, umekila. Unacheka, unaendelea na mambo yako. Baadaye unajikuta mahakamani kwenye ngome ya mfalme, na mambo yale yanaletwa moja moja: ulikula chakula cha watu? Ulikimbilia kidani kabla ya kumjulia hali binti wa watu? Kumbe gemu ilikuwa inakutazama muda wote. Ukiimaliza, unaianza upya ukiwa na nguvu ulizochuma, unasaka miisho mingine, na iko zaidi ya kumi. Kwa hela ya gemu moja sijui unataka nini zaidi.

Ya pili ni Final Fantasy VI. Ni ya 1994, ila toleo la kununua ni Pixel Remaster la 2022, la simu au kompyuta. Kwa kusevu hii inaishinda hata namba moja: unasevu popote, na ukibadili eneo inajisevu yenyewe. Ina wahusika 14 wa kuwachezesha na adui anayeitwa Kefka, ambaye tofauti na maadui wengi, huyu anafanikiwa. Anaivuruga dunia katikati ya gemu, na wewe unabaki kuokota wenzako mmoja mmoja. Imeshika nafasi ya pili kwa sababu bei yake iko juu kidogo na inachelewa kukolea. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, subiri punguzo, huwa hayakosekani.

Anayetaka kushika kifaa chenyewe mkononi atafute Game Boy Advance SP na Pokémon FireRed ya 2004. SP ina betri ya kuchaji. Advance ya kawaida inakula betri mbili ndogo za dukani. Unasevu popote ilimradi hupigani. Angalizo ni kwenye kaseti za Pokémon za zamani zaidi, Gold na Silver: ndani zina betri ya duara kama ya saa, ikifa unapoteza kila ulichosevu. FireRed haina tatizo hilo. Feki ni nyingi mno, kwa hiyo igeuze kaseti uchungulie pale kwenye meno yake: ya kweli ina neno Nintendo kwenye bodi, na lebo ya mbele ina namba iliyokandamizwa ambayo unaiona ukiinamisha kwenye mwanga.

Final Fantasy VII ndiyo wengi wanayoitaja kwanza, nami naiweka ya nne. Ilitoka 1997 kwenye PlayStation, CD tatu. Kuipenda naipenda. Kampuni ya Shinra inafyonza uhai wa dunia kutengeneza umeme. Wakubwa wanaishi juu penye taa, wanyonge wanabaki chini kivulini. Mtu wa huku alielewa hadithi hiyo hata Kiingereza kikiwa cha kuombea maji. Tatizo ni kwamba ukiwa ndani ya Midgar, mji unaoanzia, unasevu kwenye vituo tu, na unakaa humo kwa saa kadhaa kabla ramani ya dunia haijafunguka.

Ukiinunua na mashine ya mtumba, usilipe kabla hujaona video ya mwanzo hadi treni inaingia stesheni. Ikikwama kwama, lenzi imechoka. Muuzaji atakwambia, “Kaka, igeuze juu chini, itasoma tu.” Kweli itasoma, kwa muda. Na usevu mbele yake, uzime, uwashe tena, uone memori kadi imetunza. Ile ya asili ina nafasi 15, na kila sevu ya gemu hii inachukua moja.

Suikoden I na II zimetoka pamoja upya mwaka 2025, kwa kompyuta na mashine za kisasa, na sasa zinajisevu. Unakusanya watu 108, wazo lililotoka kwenye riwaya ya kale ya Kichina. Ya pili ndiyo habari yenyewe: kummaliza adui Luca Blight unapeleka timu tatu za watu sita sita, halafu bado mnapigana ana kwa ana. Ingekuwa na toleo la simu, ingepanda juu ya Final Fantasy VII.

Baldur's Gate ya 1998 ni kwa mwenye subira na kamusi. Unasevu karibu popote, na utasevu sana, maana mchawi wako wa mwanzo anauawa na mbwa mwitu. Namba ya kinga ikishuka ndiyo nzuri. Usiulize kwa nini.

Final Fantasy X ya PS2 nimeiacha nje kwa makusudi. Ni nzuri, na ya kwanza kwenye mfululizo wake kuwa na sauti za waigizaji, lakini maonyesho yake hayarukiki. Kule mlima Gagazet unasikiliza maongezi marefu kabla ya kupigana na adui Seymour, ukishindwa unayasikiliza upya. Hiyo nunua ukishafunga inveta.