Hapa pana wenyewe

Naandika bado nina vumbi la ile njia masikioni, kwa hiyo maneno yakiwa makali mnisamehe. Au msinisamehe, vyovyote.

Mtaambiwa ile baa ya porini ni pazuri. Ni pazuri kweli. Uwanja wazi, miti mikubwa, jukwaa la mbao, bendi inapiga vyombo vyake wenyewe, si mtu na kompyuta. Hayo sitayarefusha, picha mtaziona. Mimi nina habari ya meza moja.

Tulifika mapema. Jua halijazama, bendi ndiyo kwanza inashusha vyombo garini, mpiga tumba anakaza ngozi. Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu, na mkewe, ambaye ni shemeji yangu na ndiye aliyeendesha maana sisi wawili tulikwenda na nia. Njia si ya mchezo. Unaiacha lami, unafuata makorongo, mtandao wa simu unakata, unauliza watoto, kila mtoto anaonyesha upande wake. Tulipotea mara mbili. Tukafika tumechoka lakini roho nyeupe, tukachagua meza ya mbele, upande wa kulia, hatua kama kumi kutoka jukwaani.

Upande huo sikuuokota. Ndiko alikosimama mpiga solo, yule wa gitaa la kuongoza. Drams nazipenda, waimbaji nawapenda, lakini drams hazinitoi nyumbani usiku. Solo inanitoa.

Meza haikuwa na kibao, haikuwa na kitambaa, haikuwa hata na kizibo cha chupa cha kuonyesha kwamba pana mtu. Mhudumu akaja, binti mpole sana, akasikiliza, akaleta vinywaji, akafungua. Tumefika nusu chupa, akaja kijana mwenye tochi.

Akatumulika usoni. Jua ndiyo linazama, mwanga upo, mtu anamwona mwenzake vizuri tu, lakini yeye akamulika.

"Bosi, hapa pana wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Wenyewe."

Nikamwambia kaka, sisi tumekaa, tumehudumiwa, tunakunywa, hao wenyewe hawakuacha hata alama. Hakunijibu. Akaichukua chupa yangu, chupa yangu niliyokwisha kuifikisha nusu, akaishika shingoni kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akaondoka nayo. Basi. Ukitaka kinywaji chako, kifuate. Rafiki yangu alishakunja mikono ya shati. Shemeji akasema tusigombane, tumekuja kufurahi.

Chupa ikatua kwenye meza ya mwisho, nyuma ya jukwaa, mgongoni mwa spika. Na nyuma ya meza hiyo, ng'ambo ya kizuizi cha mabati matatu, jenereta.

Asiyewahi kukaa mgongoni mwa spika hajui nilichokosa. Sauti nyembamba hurushwa mbele, kama tochi inavyorusha mwanga. Ukiwa nyuma yake uko gizani. Sauti nzito haina nidhamu hiyo, inazunguka kona, inakuja kukutafuta ulipojificha. Kwa hiyo solo yote ilikwenda mbele, kwa wengine, na sisi tukabakiziwa besi. Dum, dum, dum. Jenereta nayo inajibu: kila mpiga besi akikandamiza uzi, inaguna, taa zinafifia, kisha inapata nguvu tena. Na moshi. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na imeshaua watu wengi vyumbani mwao usiku. Pale palikuwa wazi, hatukufa, lakini shemeji alianza kushika kichwa kabla ya wimbo wa tatu. Nani anapanga meza pale? Amewahi kuikalia?

Na ile meza yetu? Tupu. Naiona kwa pembeni ya jukwaa, imemulikwa vizuri na taa nyekundu. Wimbo wa kwanza, tupu. Wa pili, tupu. Kuna baba alikuja kuomba kiti kimoja tu, kijana akamkatalia kwa tochi, bila neno, akarudi kusimama kando yake kama analinda kaburi.

Nimtendee haki mwenye kustahili: bendi sina neno nayo. Ridhimu, gitaa la kusindikiza, ilikuwa inashona bila kukosea, hilo hata mgongoni ulilihisi. Mpiga solo nilimwona. Nasema nilimwona. Vidole vimeshuka mpaka kwenye tumbo la gitaa, kwenye zile nyuzi nyembamba, vinakimbia, macho amefumba, mdomo ameubana upande mmoja, wachezaji mbele yake wanarusha mikono, na mimi nasikia dum, dum. Kuiona sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanakimbia na watu wanacheza, usiisikie ni adhabu ambayo simtakii hata yule kijana. Au namtakia. Mpaka hapo nilishaamua nitaandika nini, na mngesoma maneno mabaya kuliko haya.

Kama saa nne hivi nikaulizia choo. Kiko mbali, ng'ambo ya uwanja, unapenya kwenye pengo la ua wa miti unashuka kijia. Kisafi, maji yapo, nilishangaa. Natoka, napandisha kijia, nikasimama.

Solo hiyo hapo.

Nzima, imenyooka, kila uzi peke yake, ridhimu chini yake, besi imekaa mahali pake kama mgeni mwenye adabu. Nikadhani nimelewa, nikahesabu: chupa moja na nusu. Nikatazama juu nikaelewa. Spika zao zimefungwa juu ya nguzo zikiwa zimenyooka mbele, hazikuinamishwa, kwa hiyo zinapita juu ya vichwa vya walioketi na kuja kutua huku nje. Usiku nao unasaidia. Ardhi ikishapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepaa na kupotea inapindishwa kurudi chini. Ndiyo maana ngoma ya mbali husikika usiku kana kwamba iko jirani.

Kutoka pale jukwaa ni dogo kama kiberiti. Unaiona fimbo ya mpiga drams inashuka, kimya, halafu ndiyo "pa!" inakufikia. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Pale nilikuwa mbali na jukwaa kama mita 100, kwa hiyo pigo linachelewa karibu theluthi ya sekunde. Macho yanasema hivi, masikio yanasema vile. Dawa yake ni kufumba macho.

Nilipoyafumbua ndipo nikaona siko peke yangu. Kwenye gogo, gizani, wamekaa watu saba au wanane. Mama mmoja ana mtoto mgongoni amelala fofofo. Wametulia, hakuna anayeongea muziki ukipigwa. Mzee mmoja akasogea, akapiga gogo kwa kiganja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Huko ndani mnasikia nini?"

"Besi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Tuliwaambia spika zao zinatazama huku. Hawasikii."

Nikarudi mbio kuwaita wenzangu. Wakaja na chupa zao, shemeji na soda yake, na kichwa kikamwacha pale pale. Tulikaa pengine saa nzima. Ilipigwa sebene moja ndefu, solo anauliza, ridhimu anajibu, anauliza tena kwa kupandia, na mwenzake hakubali kushindwa, mpaka yule mama akaanza kumtingisha mtoto aliyekwishalala. Moyo wangu ukalainika. Nikaanza kutunga sifa: nyota tano, nendeni, pelekeni wazazi. Nilimsamehe mwenye baa, nikalisamehe jenereta, na kijana nilikuwa njiani kumsamehe.

Mwanga ukatupiga usoni.

"Bosi, huku si mahali pa wateja. Chupa hazitoki nje ya ua. Rudini mezani kwenu."

Mezani kwetu! Nikasimama, nikasema maneno kwa sauti ambayo leo naionea haya, mbele ya yule mzee. Mwishoni nikamwuliza: wale wenyewe wameshafika?

Akazima tochi. Akanyamaza kidogo.

"Bado."

"Watafika?"

"Mimi nimeambiwa nilinde tu, kaka. Tangu saa tisa."

Sauti bila ule mwanga ilikuwa ya mtoto mdogo tu, ishirini hajafika. Tangu saa tisa amesimama. Nikamhurumia. Kisha nikakumbuka shingo ya chupa yangu, huruma ikapungua.

Sasa niwaambie nini? Nendeni. Kweli nendeni, bendi ile si ya kukosa, na yule binti wa vinywaji mwachieni chochote. Ila msiingie na matumaini ya meza, na wenye kuumwa vichwa wakae mbali na mabati yale. Mwenye baa akisoma: jenereta lisogeze mbali, ununue waya mrefu, spika ziinamishe kidogo tu, fundi mitambo wako anajua, na meza yenye wenyewe iwekee kibao. Kibao tu. Kipande cha boksi na kalamu. Au usiziinamishe hizo spika, maana wale wa kwenye gogo hawana kosa. Sijui. Kwa hilo kaa na mafundi wako.

Tuliondoka usiku umekwisha kuwa mkubwa, bendi bado inapiga. Shemeji alipogeuza gari, taa zikaipitia ile meza ya mbele. Kijana amekaa. Tochi mapajani, imezimwa, miguu juu ya kiti cha pili, macho kwa mpiga solo. Nikamwambia shemeji piga honi. Akapiga.

Hakugeuka.